Kuhe wa Posa

Binti anayeposwa hana kazi jikoni. Siku hiyo wengine huchota maji, wengine husonga ugali, na yeye hukaa chumbani ametulia kama yai kiotani, akingoja kuitwa sebuleni. Elida angalitii desturi hiyo, pengine mambo yangalikwenda kwa upole. Lakini joto la Buzebazeba saa nane mchana, ndani ya gauni jipya la kitenge lililombana kifua, lilimkausha koo. Akatoka kwa mlango wa uani kutafuta maji ya kunywa.

Jikoni alimkuta shangazi yake, Marsiana, ameinamia beseni kubwa lililofunikwa majani ya mgomba. Wageni kutoka Ilagala ndiyo kwanza walikuwa wanakaribishwa viti, na kabla hata ya salamu kwisha walikuwa wamelitanguliza beseni hilo.

"Rudi ndani wewe! Mwali gani anazurura kama kuku wa jirani?"

"Maji tu, shangazi."

"Kunywa uende. Ngoja, ngoja, njoo kwanza uone." Shangazi Marsiana alikuwa ametoka Mwandiga tangu asubuhi, na njia nzima alikuwa akiapa kwamba watu wa ziwani wataleta dagaa nusu mchanga. Sasa uso wote ulimchanua. "Mimi mdomo wangu nimeufunga leo. Yee mawe! Tazama!"

Akafunua majani. Ndani alilala kuhe, yule samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika.

Hakuwa kuhe wa kukatiwa kipande. Alikuwa mzima, kichwa kimegusa ukingo huu na mkia umepanda ukingo ule, ubavu wa njano wenye mabaka meusi. Na Kigoma nani asiyejua? Mgebuka ni wa kula na watu wa nyumbani. Kuhe unampelekea mtu unayetaka akukumbuke. Moyo wa Elida ukaruka kwa furaha. Akamwona Ignas wake akimbeba samaki huyo begani, akipanda kilima na baba yake nyuma, jasho likimtoka kwa ajili yake yeye.

Kisha akaona mkia.

Ncha ya juu ya pezi la mkia ilikuwa imekatwa pembetatu ndogo, safi, kama fundi cherehani anavyokata kona ya kitambaa. Jino la samaki halikati hivyo. Wavu haurarui hivyo. Ule ulikuwa mkasi, na mkasi wenyewe ulikuwa wake Elida.

Akaushika ule mkia kwa vidole viwili, akaugeuza huku na huku.

"Nini tena?" akauliza shangazi.

"Mzee wa Kona," Elida akasema.

"Mzee gani? Wazee wako sebuleni."

Elida alikuwa akifanya kazi na watafiti wa samaki pale mjini. Msimu mzima alikuwa akizamia maji ya Katonga, mahali kuhe wanapotengeneza viota mchangani katikati ya mawe, dume na jike, wakalinda watoto wao pamoja. Alimnasa kila mzazi kwa wavu, akamkata kipande cha pezi kidogo kama ukucha, akakitia kwenye kichupa cha spiriti, akamrudisha kiotani. Baadaye akachukua na watoto wachache wa kila kiota. Vichupa vikasafiri hadi maabara Dar es Salaam, na huko wakasoma vinasaba, zile alama ambazo kila mtoto hupokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Ukishazijua alama za wazazi, mtoto hawezi kukuficha alikotoka.

Majibu yalikuwa yamerudi wiki iliyopita. Viota karibu vyote vilikuwa na watoto wa baba mmoja na mama mmoja, nyumba imetulia. Isipokuwa kiota kilichokuwa kwenye kona ya jiwe kubwa. Pale mama alikuwa ni yule yule kwa watoto wote, lakini zaidi ya nusu yao walikuwa na alama zisizo za dume aliyewalinda. Madume mengine yalikuwa yamepita kimyakimya wakati jike anataga. Na dume mwenye kiota, yule waliyembatiza Mzee wa Kona, alikuwa akizunguka watoto wote mchana kutwa bila kula, mpaka amekonda tumbo limemwingia, akiwafukuza kaa na kambale bila kuchagua huyu wangu na huyu si wangu.

Elida alitaka kujua jambo moja. Je, ataendelea hivyo mpaka watoto watawanyike, au atachoka katikati awaache? Hakukuwa na kiota kingine cha namna ile. Mkubwa wake, Dakta Wilfred, alikuwa amemwambia wazi: lete jibu la huyo, na msimu ujao kazi inaendelea.

Sasa huyo alikuwa kwenye beseni, ameparuliwa magamba upande mmoja.

"Shangazi, niitie Ignas."

"Nimwite nani? Mchumba aje jikoni, baba yake amekaa pale kama askofu? Umerogwa wewe mtoto?"

"Mwambie aje anawe mikono. Mwambie chochote. Usipomwita nakwenda kumwita mimi."

Shangazi alimtazama mara moja tu, akaona hayo macho siyo ya kuchezea. Akajifunga upya kitenge chake, akatoka ananung'unika. "Ndiyo maana baba yako alisema. Mwanamume anayepumua kwa mtungi wa hewa chini ya maji, utaelewana naye juu ya nchi kavu?"

Ignas alikuja akipitia upande wa karo la kufulia, akitembea kama mtu aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Alikuwa amevaa koti la kaka yake, mabega yamelijaza mpaka mshono unalia. Alipomwona Elida kwenye lile gauni alisahau kilichomleta. Akasimama. Macho yakamtembea kutoka nywele zilizosukwa mpaka miguuni, yakarudi taratibu, kama mtu anayepanda ngazi asiyotaka ifike mwisho.

Na Elida, pamoja na hasira zote, mwili wake ulimsaliti. Ni macho yale yale yaliyomkuta chini ya maji msimu uliopita, nyuma ya kioo cha kuzamia, siku alipopoteza wavu na mkono wa mpiga mbizi mpya wa kikosi chao, asiyemjua jina, ukamrudishia. Kule chini hakuna maneno. Walikuwa wameongea wiki nzima kwa mikono na macho kabla hajasikia sauti yake, na aliposikia sauti hiyo kwenye mtumbwi ikisema tu "pole na baridi", alijua amekwisha.

Leo akajikaza.

"Yule samaki umemtoa wapi?"

Tabasamu la Ignas likajificha. "Elida... wewe si ulitakiwa uwe chumbani?"

"Kwa hiyo uliamini kwamba sitamwona."

"Nisikilize kwanza."

"Umemtoa wapi, Ignas?"

"Wiki nzima mwalo wa Kibirizi hauna kuhe. Nimeuliza Ujiji, nimeuliza Katonga, hakuna. Ziwa limechafuka. Na baba akasema kwa wakwe haendi na samaki wa mafungu. Kuhe, au safari hakuna. Ungetaka safari iahirishwe tena? Mara ya kwanza msiba, mara ya pili baba anaumwa. Nikasema leo liwalo na liwe."

"Ukaingia kwenye viota vyangu."

"Nikaingia."

"Katika viota vyote, ukamchukua huyo."

Hapo Ignas akainua uso, na kilichomuudhi Elida kuliko yote ni kwamba uso wenyewe ulikuwa wa mtu anayengoja kusifiwa. "Ndiyo nataka uelewe. Sikukurupuka. Nilikaa kule chini nikawaza, nichukue yupi nisimharibie Elida kazi? Wale wengine ni mababa, nikimtoa mmoja watoto wake wanapata hasara. Nikakumbuka ulivyoniambia wiki iliyopita, kwamba watoto wa kona siyo wake. Nikasema basi, huyu hana hasara."

"Nilisema wengi wao siyo wake."

"Ee, wengi wao."

"Hana hasara," Elida akarudia polepole.

"Jike lipo pale linalinda. Nimeliacha."

"Ignas, yule ndiye niliyekuwa namhitaji! Hao wengine wote wangeliwa leo, ningelia nikanyamaza. Nilitaka kuona kama ataendelea kuwalinda hao watoto mpaka mwisho. Hilo tu. Msimu mzima, kwa hilo tu!"

Ignas akajikuna shingo. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya, na hiyo ndiyo sifa iliyompendeza Elida siku zote, mpaka dakika ile.

"Aliendelea," akasema kwa sauti ndogo.

"Nini?"

"Wale wengine nikiwakaribia wanakimbia kwanza, kisha wanarudi. Unajua mwenyewe tunavyowahangaikia. Yeye hakukimbia. Alinijia usoni, akagonga kioo. Nikamrudisha nyuma, akaja tena. Ndiyo maana nilimpata kirahisi hivyo."

Elida alishika ukingo wa karo. Alitaka kupiga kelele, lakini sebuleni palikuwa pale tu, ukuta mmoja, na vicheko vya wazee vilisikika. Alitaka kumpiga kwa kata ya maji. Alitaka pia, na hili lilimuudhi zaidi, kuegemeza paji la uso kwenye lile koti la kuazima alie mpaka machozi yaishe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Jambo jingine lilikuwa limeanza kumjia, baridi kama maji ya chini.

Yeye alikuwa na mtoto.

Yunisi alikuwa na miaka mitano. Baba yake alivuka ng'ambo kwenda kutafuta maisha, akayapata huko huko. Leo Yunisi alikuwa amepelekwa kwa jirani, Mama Esther, tangu asubuhi. Shangazi ndiye aliyeamua hivyo: siku ya posa mtoto asionekane, atawafunga wageni midomo. Elida alikubali kwa shingo upande. Ignas alimjua Yunisi, alimletea makombe ya konokono na kumbeba shingoni. Lakini kubeba mtoto shingoni ni Jumapili mchana. Kuna na siku nyingine.

"Ignas, niambie ukweli. Mshenga wenu leo atasema nini kuhusu Yunisi?"

Ignas akaangalia beseni la nguo.

"Niangalie mimi."

"Wazee wamezungumza."

"Wamezungumza nini?"

"Kwamba... kwa kuanzia, abaki hapa kwa babu yake. Kwa kuanzia tu, Elida. Mpaka tutulie."

"Tutulie mpaka lini?"

"Sijui. Baba ana mambo yake. Anasema damu ya mtu huwezi kuijua kesho itadai nini."

"Na wewe ulisema nini walipozungumza?"

"Nilinyamaza."

"Ulinyamaza."

"Yule ni baba yangu! Ningesema nini mbele ya wajomba?"

"Yule mtoto naye ni mwanangu. Ulipokwenda kule chini, ukapima, ukasema huyu watoto siyo wake, akitoka hakuna hasara. Ulikuwa unampima samaki, Ignas, au ulikuwa unajipima mwenyewe?"

Ignas akasogea. Akanyoosha mkono kumgusa, Elida akarudi nyuma hatua moja, na kiatu kipya kikamkwaruza.

"Elida, mimi Yunisi nampenda."

"Sikukuuliza hilo."

Mlango ukagongwa kwa ndani. Shangazi akatoa kichwa. "Nyie! Mtu amekuja kunawa au kuoga? Mzee anamuulizia mwanawe. Wewe mwali, chumbani. Wanakuita sasa hivi." Halafu akamwona uso. "Elida? Mwanangu, nini? Futa macho. Ukienda na uso huo watasema tunakuuza kwa nguvu."

Desturi ya posa ni nyepesi kuieleza na nzito kuitenda. Mshenga atazunguka weee, atasifu nyumba, atasifu barabara, atasema wamepotewa na njiwa. Mwisho binti huitwa, hupiga magoti, huamkia, na baba yake humuuliza swali moja: wageni hawa unawafahamu? Akisema nawafahamu, posa imepokelewa. Akisema siwafahamu, watu wanakunywa soda zao na kurudi kwao. Elida alikuwa amelifanyia mazoezi jibu lake mbele ya kioo mpaka kioo kikachoka. Sasa, akiwa ameketi kitandani, alilitafuta jibu lile asilione.

Akaitwa.

Sebuleni makochi yalikuwa yamevalishwa vitambaa vyeupe. Upande mmoja alikaa baba yake, Mzee Yona, mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache yaliyonyooka kama njia ya treni. Upande wa pili alikaa Mzee Pastory, baba yake Ignas, mweusi, mkubwa, mikono imekomaa kwa kamba, kofia amepakata gotini. Pembeni yake wajomba wawili na Ignas, na katikati alitamba mshenga, Mzee Leodgar, mfupi wa mviringo, mwenye sauti ya kutosha watu sita.

Elida akapiga magoti. "Shikamooni."

"Marahaba, marahaba mama!"

"Kabla mzee hajauliza," akadakia Mzee Leodgar, "naomba nichangamshe baraza. Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia hata waliokuwa wanasinzia.

"Nimevuka mito yote bila kulowa, nikazama kwenye kikombe!"

Wakahangaika. Mjomba mmoja akasema jiwe, shangazi akiwa mlangoni akasema kijiko. "Nipeni mji!" akapiga kelele Mzee Leodgar. "Ni kijana wetu Ignas! Amezama maziwa yote salama, akaja kuzama kwenye kikombe cha chai alichopewa na binti huyu. Mmeshindwa, kwa hiyo nataka mji, na mji ninaoutaka huu hapa umepiga magoti!"

Watu wakacheka wakapiga makofi. Hata Mzee Yona alitikisa kichwa. "Sema mengine, bwana mshenga. Naona bado una kitu kooni."

"Lipo dogo tu." Mzee Leodgar alipunguza sauti, akamtupia jicho Mzee Pastory. "Wazee wangu wamenituma niseme, ule mche mdogo ulioota kabla ya shamba kuuzwa, wao hawana neno nao. Ila wanaomba ubaki kwenye bustani ya babu yake. Kwa kuanzia."

Neno hilo lilimchoma Mzee Yona, lakini alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu ilimtaka aulize kwanza. Akamgeukia bintiye. Kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, Elida aliona macho ya baba yake yanamwomba radhi kabla hajauliza.

"Elida. Wageni hawa unawafahamu?"

Ignas alikuwa akimwangalia, na macho hayo yalikuwa yanaomba kama ya mtu aliyeishiwa hewa kina kirefu. Elida alijua neno moja tu linatosha. Alilipenda lile neno. Alimpenda mtu yule. Ndiyo maana lilikwama.

"Baba, naomba ruhusa. Mzee Leodgar ametega, na mimi nina changu."

"Jamani, mwali anatega!" Mzee Leodgar akaruka kwa furaha. "Sijaona tangu nizaliwe! Tega, mama, tega!"

Elida akainua uso. "Shamba si langu, mbegu si yangu, lakini ndege nafukuza mimi. Mimi nani?"

"Kibarua!" mjomba wa kwanza akasema.

"Kibarua analipwa. Yeye halipwi."

"Sanamu ya shambani!"

"Hiyo haisikii njaa. Huyu anasikia, na hali."

"Mlinzi wa zamu," akasema Mzee Leodgar mwenyewe, "ila kama hali... mwali, umetuweza. Wewe taja mji."

Mzee Pastory alikuwa mvuvi wa miaka mingi, na uso wake ulionyesha anajua kabisa maji haya yana kina kuliko yanavyoonekana.

"Ni baba," Ignas akasema.

Kila mtu akageuka. Mchumba hasemi siku ya posa. Hiyo hata watoto wa shule wanaijua.

"Nani kakupa ruhusa ya kusema?" akauliza baba yake bila kupandisha sauti.

Ignas akasimama. Mshono wa koti ukaachia begani, trrr, watu wote wakausikia. "Jibu ni baba. Mzee, Yunisi tutakuja naye Ilagala. Yeye na mama yake, siku moja, gari moja. Nyumbani mlipozungumza nilinyamaza, na nilikosa. Leo asubuhi nimekosa tena, kosa jingine, Elida analijua. Sitaki la tatu."

"Keti."

"Samahani, baba. Nitaketi ukikubali."

Mzee Pastory alichukua kofia yake gotini, akaipangusa vumbi lisilokuwepo, akaivaa. "Bwana Yona, nyumba yako ni nzuri na chai yako nzuri. Mimi nilikuja na kijana. Naona kijana ameshakua mzee na mimi sijaarifiwa. Sina la kusema zaidi."

"Bwana Pastory, chakula kiko mezani," akasema Mzee Yona.

"Mtakula kwa niaba yetu."

Akatoka. Wajomba wakatazamana, wakamfuata. Mzee Leodgar akabaki ameinua mikono kama mtu aliyeibiwa kuku mkononi, kisha naye akakimbilia nje, "Mzee! Mzee wangu! Ngoja basi kwanza!"

Ignas akabaki amesimama peke yake katikati ya makochi meupe. Alimtazama Elida. Elida alitamani kusema kaa. Neno lilikuwa limefika kwenye meno.

"Kijana," Mzee Yona akasema, "ulichosema nimekipenda. Sasa mfuate baba yako."

"Mzee, mimi..."

"Mfuate. Binti yangu haolewi na mtu aliyegombana na baba yake mlangoni kwangu. Posa sijaikataa, na sijaipokea. Mtu hapokei posa kwa mtoto aliyesimama peke yake. Nenda."

Ignas akaenda. Alipompita Elida, vidole vyake viligusa bega lake, kidogo tu, kisha mlango ukawa mtupu.

"Baba!" Elida akasema. "Amesema nilichotaka, halafu unamfukuza?"

"Sijamfukuza. Nimemtuma."

"Kuna tofauti gani? Ameondoka!"

"Ee Mungu," shangazi akalia, akiketi kwenye kochi la wageni. "Jamani, vitendawili! Mwenzio akiulizwa swali anajibu ndiyo. Ndiyo! Neno fupi kama hilo, Elida, lingekuua?"

Elida hakumjibu. Uvunguni mwa hasira zake kulikuwa na kitu kimekaa kinamwangalia, na ghafla akakitambua. Tangu asubuhi watu wamemgawa Yunisi huku na huku kama mzigo, mche, damu, na ukimtoa Ignas, hakuna mgeni hata mmoja aliyemwona uso. Mzee Pastory alikuwa amemkataa mtu asiyemjua. Na waliomficha walikuwa ni wao wenyewe.

Akavua vile viatu vilivyomkwaruza. Akatoka mbio kwa mlango wa uani.

"Wewe! Mwali hakimbilii mchumba!"

"Simkimbilii mchumba!"

Kwa Mama Esther alimkuta Yunisi anacheza rede, gauni la shule limejaa vumbi, nywele upande mmoja zimefumuka. Hakumfuta hata kamasi. Akamshika mkono wakashuka kichochoro mpaka barabarani, ambako Noah ya kukodi ilikuwa imewashwa na dereva anasogeza viti. Mzee Pastory alikuwa ameketi mbele, kioo wazi, macho yameelekea Ilagala. Nyuma, katikati ya wajomba, Ignas aliinua kichwa akawaona. Akataka kufungua mlango. Elida akamtikisia kichwa: tulia.

"Tunakwenda kumwamkia babu," akamwambia mwanawe. "Yule wa kofia. Amkia vizuri."

Yunisi akasogea kwenye kioo. "Shikamoo babu."

Mzee Pastory hakugeuka. Dereva aliacha kusogeza viti.

Lakini Yunisi alikuwa amefundishwa na mama yake kwamba mtu mzima asipoitikia, basi hajasikia. "Shikamoo babu," akasema tena, kwa sauti zaidi. Akangoja. Akapanda juu ya jiwe lililokuwa pembeni, akashika ukingo wa kioo kwa vidole vyake vya vumbi, uso wake na ule wa mzee zikakaribiana. "Shi-ka-mo-o, babu!"

Kuna vitu mtu mzima anaweza kuvikataa duniani. Anaweza kukataa chakula, kukataa mkwe, kukataa hata dawa. Shikamoo ya mtoto hawezi kuikataa. Taya la Mzee Pastory lilikwenda huku likarudi huku.

"Marahaba," akasema, kama mtu anayetema mwiba.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa nini umekasirika?"

Mzee akageuka, akamwangalia kwa mara ya kwanza: kamasi, nywele zilizofumuka, na macho yasiyoogopa. Alimwangalia kwa muda. "Mtoto huyu ni mbishi," akasema, haikujulikana anamwambia nani.

"Sana, mzee," Ignas akaitikia kutoka nyuma.

"Sikukuuliza wewe." Akaviondoa vile vidole vidogo kwenye kioo, kimoja kimoja, pasipo ukali wala upole. "Dereva, twende."

Gari likaondoka. Ignas aligeuka akaangalia kupitia kioo cha nyuma mpaka kona ikamla. Elida akabaki pembeni ya barabara, miguu mitupu, gauni la posa limeshika vumbi hadi magotini. Jumatatu atamweleza nini Dakta Wilfred hakujua. Kama ameposwa au hajaposwa, hakujua. Hasira zilikuwa zimemjaa bado, kwa Ignas, kwa baba yake, kwa yule mzee na kofia yake, na hazikuwa na mahali pa kwenda.

"Ameitikia," Yunisi akasema.

"Ameitikia."

"Lakini hakufurahi."

"Hakufurahi."

"Sasa?"

"Kesho tunakwenda Ilagala kumwamkia tena."

"Na akiwa bado amekasirika?"

Elida akainama, akamfuta kamasi kwa upindo wa lile gauni jipya. "Tutamwamkia hivyo hivyo," akasema.